Nasaba Zetu, Kompyuta Zetu, na Kosa Nililolifanya

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake.



Wahariri wa jarida hili wameniomba niyaandike yale niliyoyasema kwenye darsa letu baada ya Isha, kuhusu kutafuta nasaba kwa kutumia kompyuta. Mimi si sheikh. Ni mwanafunzi kama ninyi, na kilichonifanya nisimame mbele yenu ni kwamba tangu mwaka jana wengi wenu mmekuwa mkinijia na flashi mkononi, mkitaka niwawekee programu za kuchora mti wa ukoo. Nimewawekea, na nitaendelea kuwawekea. Lakini kwanza nataka mjue mimi zilinifikisha wapi. Bibi yangu ameniruhusu kusimulia. Baba mdogo naye ameniruhusu, kwa sharti nisitaje jina la mtu yeyote, na sharti hilo nitalitimiza.

Nyumbani kwetu Buyenzi kuna msahafu wa marehemu babu. Ukurasa wake wa kwanza, ule mtupu kabla ya Fatiha, babu aliandika kwa herufi za Kiarabu jina lake, jina la baba yake, na jina la baba wa baba yake. Baada ya hayo matatu linafuata jina la nne, refu, lenye nisba ya kabila la Kiomani mwishoni. Wakati wa likizo nililipiga picha lile ukurasa nikaanza kuingiza majina kwenye mtandao mmoja wa kulipia ambao hujenga miti ya ukoo. Nilikuwa na watu 43: wale wa msahafu, na wale waliotajwa na baba na shangazi zangu.

Mitandao ya namna hiyo ina tabia moja ambayo ni lazima muielewe. Kila unapoandika jina, mashine inalitafuta katika miti ya watu wengine, na ikikuta jina linalofanana hukuletea pendekezo: huenda mtu wako ndiye mtu huyu. Chini kuna kitufe cha kukubali. Ukikibofya, mababu wote wa mtu yule wanaingia kwenye mti wako. Jina la nne la msahafu lilipata mfanano usiku wa pili. Nilibofya. Kufikia alfajiri nilikuwa na watu zaidi ya 600, na mti wetu ulikuwa umepanda kutoka Ujiji hadi Unguja, kutoka Unguja hadi Maskati, na kutoka huko hadi kwa Qahtan na kwa Nabii Nuh (A.S.), ambaye alikuwa na kisanduku chake kama mtu mwingine yeyote, pamoja na nafasi ya kuweka picha.

Hapo ningepaswa kucheka na kufuta. Sikucheka. Niliupeleka mti mjini ukachapwa kwenye karatasi kubwa, nikautia fremu, na siku ya Iddi nikautundika sebuleni. Baba mdogo aliupiga picha akautuma kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kabla pilau haijapakuliwa ulikuwa umeshafika Kigoma, Dar es Salaam na Ubelgiji. Bibi, ambaye macho yake hayaoni vizuri, aliniomba nimsomee majina ya juu. Nikamsomea. Akasema Maashaallah, kisha akaomba maji ya kutawadhia.

Miezi michache baadaye ikaja posa. Kijana wa jirani, msomi, anayeswali nasi msikiti mmoja, alimpeleka mshenga kwa baba mdogo kumposa binti yake. Wazee wa upande wetu wakakaa, na jibu walilolitoa likawa kwamba kijana hana kasoro, ila si kufu. Kwao ni watu wa kuletwa. Mmoja wao, wakati wa kutoa jibu lile, aliinyooshea kidole fremu iliyokuwa ukutani.

Bibi aliniita siku ile ile.

"Mume wangu," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "ule mti wako umemkalisha nani pale juu ya baba wa mkwe wangu?"

Nikamtajia jina lile refu.

"Yule siye baba yake," akasema. "Yule ndiye aliyemnunua."

Kisha akanieleza. Baba mkwe wake, siku zake za mwisho, wakati bibi akimnywesha uji, alimwambia kwamba baba yake alikuwa mtoto wa Manyema, aliyetekwa na msafara akavushwa ziwa kwa mashua hadi Ujiji. Alikuwa mdogo mno. Hakulikumbuka jina la baba yake. Alimkumbuka mama yake akitwanga, na alikumbuka jina la mto mmoja, lakini Ujiji hakukuwa na mtu aliyeujua mto huo. Aliyemnunua alimpa jina jipya, akamtahiri, akamsomesha Qur'an, na baadaye akamwacha huru. Akaja kaskazini na wenzake, akafika Usumbura, akaoa.

Jina alilopewa ni moja ya yale majina ambayo wazee wa Ujiji na wa Pwani wakiyasikia huangaliana: Mabruki, Feruzi, Almasi, Songoro. Sitasema ni lipi. Nilikuwa nimeliandika na kulisoma wiki nzima, na halikunigutusha hata kidogo.

"Bibi, kwa nini hukusema siku ya Iddi?"

"Mlikuwa mmefurahi," akajibu. "Nami nilidhani ni picha tu ya ukutani. Sikujua kwamba itakwenda kumkataa mtoto wa watu."

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujifunza nasaba. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.), ametutaka tujifunze katika nasaba zetu kiasi kitakachotuwezesha kuunga udugu wetu wa damu. Angalieni mpaka uliowekwa: kiasi cha kuunga udugu. Abu Bakr (R.A.) alikuwa mjuzi wa nasaba za Maquraishi kuliko watu wote, na Mtume alimtuma Hassan bin Thabit kwake akajifunze. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kazi hii ni upuuzi wa wazungu sikubaliani naye. Lakini Mtume huyo huyo, katika hadithi iliyo kwa Muslim, amehesabu kujifaharisha kwa ukoo na kutia dosari nasaba za wengine kuwa katika mambo ya kijahiliya ambayo umma huu hautayaacha. Mimi niliyafanya yote mawili kwa karatasi moja. Sikusema neno baya juu ya mtu. Niliyatundika ukutani yakasema yenyewe.

Nalo jambo la tatu ndilo zito zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba mwenye kujinasibisha kwa asiyekuwa baba yake, hali anajua, Pepo ni haramu kwake. Nilijifariji kwa yale maneno "hali anajua", kwa kuwa mimi sikujua. Kisha nikajiuliza: je, nilitaka kujua? Bibi alikuwa chumba cha pili, na kwa juma zima nilipokuwa nikibofya sikwenda kumuuliza hata mara moja. Intaneti ilikuwa karibu zaidi.

Tuifungue Suuratul-Ahzab, aya ya 5. Mwenyezi Mungu anaamrisha kwamba watu wanasibishwe na baba zao, kwamba huo ndio uadilifu mbele yake, na kwamba wale ambao baba zao hawajulikani ni ndugu zetu katika dini na ni watu wetu. Aya hii inafahamika kwa kisa cha Zayd bin Haritha (R.A.). Zayd alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akaishia katika nyumba ya Khadija (R.A.), naye akampa Mtume kabla ya utume. Baba yake, Haritha, alimtafuta hadi akampata Makka, na Zayd akachagua kubaki. Mtume akamwacha huru na kumfanya mwanawe, watu wakawa wanamwita Zayd mwana wa Muhammad. Aya iliposhuka akarudishiwa jina la baba yake. Fikirieni. Hakuna jina tukufu zaidi la kunasibishwa nalo, na Zayd alikuwa akipendwa na mwenye jina lile, lakini liliondolewa kwa sababu halikuwa kweli.

Zayd alikuwa na baba wa kurudishiwa. Sisi wengi wa mji huu tunafanana zaidi na Salim (R.A.). Salim alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, akalelewa na Abu Hudhayfa kama mwanawe. Aya iliposhuka, Abu Hudhayfa akaacha kutajwa kuwa baba yake, na alipotafutwa baba wa kumnasibisha naye hakujulikana. Basi vitabu vya wapokezi vinamwandika mpaka leo Salim, mawla wa Abu Hudhayfa. Nafasi ya baba imebaki tupu kwa zaidi ya miaka 1400. Na ni Salim huyu aliyewaswalisha Muhajirina wa mwanzo upande wa Quba kabla Mtume hajafika Madina, kwa sababu alikuwa amehifadhi Qur'an kuwazidi. Ni yeye Mtume aliyemtaja miongoni mwa wanne wa kuchukuliwa Qur'an kwao. Akafa shahidi Yamama, bendera ikiwa mkononi mwake. Wanavyuoni waliomwandika hawakuona haja ya kumtafutia baba wa heshima.

Nawaeleza haya kwa kuwa najua ninawaandikia akina nani. Uislamu wa Bujumbura ulifika kwa njia ya Ujiji na ya ng'ambo ya ziwa. Katika karne ya 19 misafara ya Ujiji iliingia Manyema, Nyangwe na Kasongo, kutafuta pembe na watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini bara mambo yaliendelea. Watu wa Muhammad bin Khalfan, ambaye historia inamjua kwa jina la Rumaliza, walifika mpaka huku kaskazini mwa ziwa. Wajerumani walipojenga boma Usumbura, mwaka 1897, walifuatwa na askari, wapagazi, wafanyabiashara, Wamanyema, Wabwari, watu wa Tabora na wa Pwani. Wote hao waliitwa Wangwana, yaani watu huru, na wengi wao hawakuzaliwa hivyo au baba zao hawakuzaliwa hivyo. Neno lenyewe lilikuwa vazi. Basi mtu wa Buyenzi au Bwiza anayetafuta babu wa tano, na mashine ikampa sultani bila jasho, na atulie kwanza.

Nije sasa kwenye kazi yenyewe, maana baada ya darsa wengi waliuliza: je, tuache? Msiache. Fanyeni kama walivyofanya wanavyuoni wa hadithi. Wao hawakukubali mlolongo kwa kuwa majina yake yanapendeza. Kila kiungo waliuliza: huyu alikutana na huyu? Alisikia kwake mwenyewe? Mlolongo uliokatika waliuita umekatika, wakaendelea kuuandika na pengo lake. Ndani ya programu nzuri za nasaba kuna mahali pa kuandika chanzo cha kila habari, na ni mahali ambapo wengi wetu huparuka. Mimi sasa nimejiwekea sheria: hakuna mstari unaounganisha mtoto na baba bila chanzo. "Nimemsikia bibi, sebuleni, tarehe fulani, naye alisikia kwa baba mkwe wake." Hiyo ni isnadi, na ni bora kuliko miti mia ya mtandaoni iliyonakiliana.

Programu ninayoitumia ni Gramps. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na haihitaji intaneti baada ya kuiweka, jambo ambalo mkazi wa Bujumbura hahitaji kuelezwa faida yake. Faili linakaa kwenye kompyuta yako, halikai kwa mtu mwingine. Ukiunganisha mtoto na mzazi, programu inakuuliza ni uhusiano gani: wa kuzaliwa, wa kulea, wa kambo, haijulikani, au wa aina unayoiandika mwenyewe. Swali hilo moja lingeniokoa. Kule kwa mmiliki sasa nimeandika: "aliyemwacha huru." Tarehe nazo unaweza kuziandika kwa kalenda ya Hijria, au ukaandika "karibu na" mwaka fulani, kwa maana wazee wetu hawasemi mwaka, wanasema mwaka wa njaa ile, au kabla ya uhuru kidogo.

Kuna tabu moja ya kwetu ambayo watengenezaji wa programu hizi hawakuifikiria sana. Karibu zote zimejengwa kwa watu wenye jina la ukoo linaloshuka kutoka kwa baba kwenda kwa watoto. Burundi sivyo. Mtoto hupewa jina lake mwenyewe; mmoja Niyonzima, mdogo wake Ndayishimiye, na ni tumbo moja. Niyonzima wawili wa mikoa miwili hawana udugu wowote. Sisi Waislamu nasi tunatumia jina la baba. Ukiiachia mashine kufananisha majina, itakutenganisha na ndugu zako na kukuunganisha na wageni. Zimeni mapendekezo hayo kabisa. Na mnapoandika mahali, andikeni jina la wakati ule: Usumbura kabla ya 1962, Bujumbura baadaye. Mikoa nayo imekuwa mitano tu tangu mwaka 2025, na hati ya mzazi wako itataja mkoa ambao leo haupo.

Wengine wameniuliza kuhusu FamilySearch, kwa kuwa ni ya bure na ina kumbukumbu nyingi, pamoja na nasaba za mdomo zilizokusanywa kwa wazee katika nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo. Inaendeshwa na Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, la kule Utah, Marekani. Wenyewe hawafichi kwamba wanakusanya majina kwa sababu ya imani yao, ambayo ndani yake mtu hai hubatizwa kwa niaba ya wazee wake waliokufa. Kutafuta humo kwangu mimi ni kama kuingia maktaba ya mtu. Unasoma, unashukuru, unatoka. Kuyapandisha majina ya marehemu wetu ni jambo jingine, kwani mti wao ni mmoja wa wote, na mtu yeyote anaweza kuubadilisha. Mimi sipandishi. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Kuna jambo ambalo hakuna programu niliyoikuta imelitengea nafasi, nalo kwetu ni sheria: udugu wa kunyonya. Yaliyo haramu kwa nasaba ni haramu kwa kunyonya, na katika mitaa yetu ya kubanana, ambako jirani humnyonyesha mtoto wa jirani mama akiwa hospitali, habari hizi hufa na akina bibi. Kwenye Gramps mtu anaweza kuunganishwa na mtu mwingine kwa uhusiano unaouandika wewe. Andikeni "alinyonya kwa fulani", idadi ya mara, na nani aliyeshuhudia. Dada zangu, hapa ninyi mna nafasi kuliko sisi. Bibi yangu alinipa mimi habari za msafara, lakini habari za kunyonyesha alimpa dada yangu, na mlango ukafungwa.

Kuhusu vipimo vya vinasaba nitakuwa mfupi. Jamaa walioko Ulaya wanatuma mate, wanaletewa asilimia. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha 16 mwaka 2002, lilikataza kutumia vipimo hivi kukanusha nasaba iliyothibiti kisheria, au kuihakiki nasaba ambayo tayari imethibiti. Mtoto ni wa ndoa aliyozaliwa ndani yake. Anayekwenda kumpima marehemu babu yake kwa udadisi anaweza kurudi na siri ya bibi yake, na siri ya Muislamu inasitiriwa. Halafu kuna ulinzi wa habari zenyewe: kampuni ya 23andMe iliibiwa taarifa za watu takriban milioni 6.9 mwaka 2023, na mwaka 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Nenosiri lililoibiwa unaweza kulibadilisha, damu huwezi.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko kote nilikopita. Sisi ni watoto wa Burundi. Tunajua orodha ya majina inaweza kufanya nini. Mwaka 1972, na tena baada ya Oktoba 1993, watu waliuawa, na wengine wakakimbilia Tanzania na Kongo, na kati yao wapo waliobadilisha majina ili waishi. Wapo mama zetu ambao jina lao la karangamuntu si lile walilopewa na baba zao, na wanayo sababu. Mti wa ukoo wenye majina ya walio hai, mitaa yao na koo za mama zao, ukianguka kwa mtu mwenye chuki, kwake ni orodha. Kwa hiyo msimpandishe mtandaoni mtu aliye hai, hata kwa jina moja. Mnaporekodi mzee kwa simu, muombeni ruhusa kabla, si baada, na akisema hapa zima, zimeni. Wengine wanataka sana wapoteao watajwe, na kuwatafuta ni kuunga udugu kwa maana yake halisi. Kwa kazi hiyo ipo huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta ndugu waliopotezana, ambayo hufanywa kwa siri na kwa ridhaa ya pande zote. Hilo ni salama kuliko kubandika picha ya marehemu kwenye kundi la watu mia mbili.

Nirudi kwetu. Fremu niliishusha mwenyewe. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Iliyobaki bado inanitesa. Ule mti niliokuwa nimeupandisha, watu wanane walikuwa wameshaunakili kwenye miti yao, na katika miti hiyo yule mtoto wa Manyema ni mwana halali wa bwana yule, na wengine watanakili kutoka kwao. Niliwaandikia wote wanane. Wawili wamejibu. Mmoja alifuta, wa pili aliniuliza nina ushahidi gani, na nilipomwambia ushahidi wangu ni bibi, akanyamaza. Kwenye simu za jamaa wa Kigoma picha ya fremu bado inazunguka kila Iddi.

Kuwaambia familia kulikuwa kugumu zaidi. Shangazi mmoja alilia. Mzee mmoja alisema bibi amezeeka, amechanganya. Bibi akamjibu kwamba ndiyo, amezeeka, na ndiyo maana alikuwepo. Ilichukua wiki tatu kabla baba mdogo hajakubali kuvaa kanzu tukaenda, yeye, mimi na mshenga, nyumbani kwa kijana yule. Baba mdogo alisema mwenyewe, kwa maneno yake, kwamba jibu lile halikuwa haki, na kwamba waliolitoa hawakuwa na lile walilojivunia. Mzee wa nyumba ile alisikiliza mpaka mwisho. Akatukaribisha chai na maandazi, akatuuliza afya ya bibi, akasema amesikia, nao watakaa wafikiri.

Nimechapa mti mpya, mdogo, wa karatasi ya kawaida. Juu kabisa kuna kisanduku kitupu, na chini yake nimeandika: baba, jina halijulikani, Manyema. Pembeni nimeandika jina la mto kama bibi alivyolitamka; nimelitafuta kwenye ramani zote nilizoweza kuzipata, sijalipata. Bibi aliomba niubandike chumbani kwake, si sebuleni. Kila baada ya Maghrib huomba dua kwa majina yake, na akifika pale juu husema tu: na baba yake.

Mpaka naandika haya, nyumba ile haijatujibu.

Wabillahi tawfiq.